Daftari la Mapishi na Makopo Mawili

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lakini kuandika naandika, na maandishi yangu yanasomeka. Mapishi yangu niliyaandika popote: nyuma ya kalenda, kwenye mifuko ya unga, pembeni mwa ratiba ya ibada. Yote nikayasokomeza kwenye mfuko mmoja nyuma ya mlango wa jiko.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya mjini yakajaa vitu tulivyokwisha kuvisahau, binti yangu mkubwa aliacha cherehani akafungua kibanda cha chakula Moshono. Kule nyumba zilikuwa zinajengwa kila upande, na mafundi lazima wale. Akaja kwangu Kikwe kuniomba nimwandikie mapishi yote mahali pamoja.

Nikanunua daftari la jalada gumu, nikatandaza karatasi zote kitandani. Yeye alitaka nipange kwa herufi, kama walivyofundishwa shule. Nikamuuliza ni nani anayeamka na njaa ya herufi M. Mtu anapika kwa sababu ya jambo. Basi nikapanga kwa mambo: chakula cha mzazi, cha msiba, cha Jumapili, cha watu wa kazi, na mwisho kabisa cha siku ambayo ndani hamna kitu. Nilipokuta karatasi mbili za pishi moja, nilichukua ile yenye madoa ya mafuta, maana hiyo ndiyo iliyopikiwa. Nyingine nikaitia motoni.

Haukupita mwezi akarudi. Aliniamkia shikamoo bila kuniangalia usoni. Akaeleza kwamba makande yake yanaachwa nusu sahani, kwamba fundi mmoja alimuuliza kama mahindi anayafulia sabuni, na kwamba wengine wameanza kuvuka barabara kwenda kula kwa jirani. Wiki mbili zaidi, kibanda kitafungwa. Kisha akasema kilichomleta.

"Mama, kuna kitu umenificha."

Iliniuma. Sikubishana naye. Mtu akikuambia hivyo, unamfuata jikoni kwake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Moshono, nimekaa kwenye kigoda, nimemwambia apike kama vile sipo. Akafungua daftari. Mahindi makopo sita, maharage makopo matatu, magadi kijiko kimoja, chumvi vijiko viwili, maji nusu ya sufuria kubwa. Alifuata kila neno kama anasali. Ila alikuwa anapimia kikopo cha mafuta ya kupikia, kipya, kinang'aa, cha hayo yaliyoingia juzijuzi. Kilikuwa kama nusu ya kopo langu.

"Hilo kopo umelitoa wapi?"

"Dukani, mama. Kopo si kopo?"

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkaripia, nikayameza. Kwetu Kikwe, tangu enzi za foleni, kila nyumba ilikuwa na kopo lilelile la maziwa ya unga. Tulikopeshana nalo mahindi na tukarudishiana nalo. Sikuwahi kufikiri kuna kopo jingine. Kwa hiyo mahindi yake yalikuwa nusu, na magadi, chumvi na maji ni vya sufuria nzima. Lazima yanuke sabuni.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Niliandika kopo, sikuandika kopo gani. Ongeza mahindi vikopo sita, maharage vitatu."

Makande hayaharakishwi. Yalipokuwa yanachemka, tulipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Yeye alisoma, mimi nikakata neno kopo na kuandika kilo, baada ya kupima vikopo vyake viwiliviwili, badala ya kopo langu moja, kwenye mzani wa duka la karibu. Hakuniomba radhi, na mimi sikuidai.

Saa sita mafundi wakaanza kukaa kwenye mabenchi. Binti yangu alichota kidogo kwenye sahani, akaniletea mimi kwanza.

"Onja, mama. Ukisema bado, nawaambia wasubiri."

Nikaonja, nikatafuna taratibu mpaka nikameza. Nikamwambia apakue.