Mtoto Asiyesumbua

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa halii. Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali, majirani zetu wa pale Bariadi walikuja kumwona. Walikaa, wakanywa chai, wakaondoka bila kusikia sauti yake. "Una bahati wewe," waliniambia. "Mtoto hasumbui kabisa." Nami nilikuwa na mshono wa upasuaji unaouma kila nikiinuka, nikawaamini. Nilianza hata kujisifu. Mwenzangu wa ofisini Lagangabilili, ninakofanya kazi masijala, aliponipigia kuuliza kama ninapata usingizi, nilimwambia ninalala kuliko nilivyolala nikiwa mjamzito.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Sapiwi kunihudumia. Tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mtoto alirithi jina la marehemu mume wake, kwa hiyo naye alimwita mjukuu "mume wangu". Mtu akipandisha sauti sebuleni, alitoka chumbani na kunong'ona, "Mume wangu amelala. Nyamazeni."

Maziwa yalinijaa mpaka yakawa yanalowesha blauzi. Mtoto alishika titi, akavuta mara tano, sita, kisha mdomo ukalegea na macho yakafumba. Niliona ameshiba. Mayu aliniambia nina maziwa mazito, mtoto anatosheka haraka. Hakuna aliyejiuliza mbona matiti hayapungui.

Siku kumi na mbili baada ya kujifungua nilimpeleka kliniki. Nesi alimlaza kwenye mzani, akaangalia kadi, akamwinua, akamlaza tena. Kisha akalivuta jicho lake kwa kidole gumba na kumgeuzia dirishani.

"Mama, huyu ananyonya?"

"Ananyonya vizuri tu."

"Mara ngapi kwa siku?"

Sikuwahi kuhesabu. Alinyonya alipoamka, na kuamka kwenyewe ilikuwa asubuhi, mchana kidogo, na jioni.

"Amepungua kuliko alivyozaliwa," nesi alisema. "Na ana manjano. Hana nguvu ya kulia, mama. Hiki unachokiona si usingizi."

Tulilazwa siku hiyohiyo. Walimlaza mtoto chini ya taa ya kutibu manjano, nami nikafundishwa kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, tone kwa tone. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa na mtoto aliyelia mpaka anabadilika rangi, akawa anatuomba msamaha sote wodini. Nilimwonea wivu.

Tuliporuhusiwa, daktari aliagiza mtoto aamshwe kila baada ya saa mbili, akitaka asitake, mchana na usiku. Nilimvua nguo, nikamfuta uso kwa kitambaa cha maji, nikampiga nyayo kwa vidole. Alikunja uso, akarudi kulala. Nikampiga tena. Siku ya pili Mayu alisimama mlangoni akaniangalia, kisha akaja kumfunika kitenge.

"Unamtesa," alisema. "Mtoto anayelala hivi anaongea na babu zake. Haamshwi."

"Mayu, daktari kasema."

"Daktari hakuzaa."

Nilimfunua. Akamfunika. Nilimfokea, mimi niliyekuwa nikipiga goti kumsalimia. Nilimwambia kama anataka kumzika mjukuu wake aseme. Mume wangu aliingia akiwa bado na chaki mikononi, ndiyo kwanza ametoka shuleni, akatukuta tumeshika kila mmoja upande wake wa kitenge. Aliniambia niombe radhi. Nilikataa. Mayu aliachia kitenge, akaenda jikoni.

Kesho yake alikuja kukaa pembeni ya kitanda nikikamua maziwa. Hakuniangalia.

"Kabla ya mumeo nilikuwa na mwingine," alisema. "Wa kike. Alikuwa analala hivihivi. Mama mkwe wangu alinisifia, akasema nimezaa mtoto mtulivu. Nilikuwa nampeleka shambani, namlaza chini ya kivuli, napalilia pamba mpaka jua linainuka, wala haniiti. Siku moja nilikwenda kumchukua."

Mume wangu hakuwahi kuniambia habari hiyo, na baadaye nilipomuuliza, hata yeye hakuwa akiijua.

"Waliniambia babu zake walimpenda wakamchukua," Mayu akaendelea. "Nikashika hilo. Ningeshika nini kingine?"

Nilimwomba radhi kwa maneno yale ya kuzika. Alipokea kikombe mkononi mwangu, akamvua mjukuu soksi mwenyewe, akaanza kumsugua nyayo kwa dole gumba, kwa nguvu kuliko mimi. "Amka, mume wangu," alikuwa anasema. "Amka ule."

Hajui kusoma saa, kwa hiyo mchana alifuata kengele ya shule ya msingi iliyo jirani, na usiku aliniamsha kila alipoamka mwenyewe, jambo ambalo kwa umri wake lilikuwa mara nyingi. Wiki ya tatu mtoto alilia. Kilio kidogo, cha kukwaruza. Mayu alikuwa anapepeta mchele uani. Alidondosha ungo, mchele ukamwagika wote, akaja mbio.

Sasa ana miezi saba, ana mashavu, na kliniki wanasema anakwenda vizuri. Mayu amerudi Sapiwi. Mimi ndiye sijapona. Akilala mchana zaidi ya saa moja, naweka kidole chini ya pua yake. Nisipohisi pumzi upesi, namtikisa. Anashtuka, analia kwa hasira, na mume wangu anatoka chumba cha pili.

"Umemwamsha tena," ananiambia.

Namwambia ndiyo. Nambeba, natembea naye uani, yeye analia na mimi natetemeka, mpaka mmoja wetu atulie.