Upande wa Helikopta Uliotazama Kibanda

Nimechora mabango ya maduka, hoteli na makanisa katika miji mingi kuliko ninayoweza kukumbuka. Sikai mahali. Lakini sijawahi kushindwa na kazi kama nilivyoshindwa na mkia wa helikopta ya plastiki inayotosha kiganjani.

Ni ile ya kuunganisha vipande kwa gundi. Niliipata Nairobi kwenye rundo la mitumba, sanduku limepasuka, na karatasi ya maelezo iliniambia jambo ambalo lingenifanya niirudishe pale pale kama ningekuwa na akili timamu. Helikopta ya kijeshi ya aina hiyo ilitengenezwa kwa namna nyingi. Nyingine ina kisanduku cha kuchuja vumbi mbele ya injini, nyingine haina. Nyingine pua yake ni ndefu, nyingine ni butu. Hata matundu ya moshi hayafanani. Vipande vya zote vimo ndani, uchague mwenyewe. Stika za alama na nambari nazo ni za majeshi ya nchi za mbali, hakuna hata moja ya kwetu.

Mimi nilitaka moja tu, ile iliyoshuka kijijini kwetu Ruiri.

Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumemaliza darasa la nane, tumetahiriwa Desemba, tumefungiwa katika kibanda cha mabanzi kando ya uwanja wa shule. Kwetu, mvulana aliye kibandani haonekani na mwanamke mpaka siku ya kutoka. Hata chakula cha mama kilipokelewa njiani na kijana mkubwa aliyetulea. Basi asubuhi moja mabati yakaanza kutetemeka, vumbi likaingia kwa kila ufa, na helikopta ya jeshi ikatua uwanjani kwa sababu ya hitilafu. Kijiji kizima kilikimbia kuiona, mlezi wetu akiwa mbele. Sisi tulibaki na shuka zetu, tukisukumana kwenye ufa mmoja. Uwanja ulijaa mama zetu na dada zetu. Tungetokaje?

Niliona upande mmoja, tena kwa vipande: gurudumu, mlango, kijani kilichopauka. Halafu watu wakaziba kila kitu. Kufikia mchana ilikuwa imekwenda.

Rafiki yangu sasa ni fundi wa cherehani mjini Embu, na ugonjwa wa sukari umemla macho. Nilipopita kwake mwaka jana, alikuwa akipapasa tundu la sindano na uzi ukikataa kuingia.

"Rika," akaniambia, kama tunavyoitana tuliotahiriwa pamoja, "daktari anasema hili la kushoto limeenda, na la kulia linalifuata. Wewe ni mtu wa rangi. Nitengenezee ile ndege niione yote, hata mara moja."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nikitafuta helikopta.

Nilipoipata ile ya plastiki, nilianza kuulizia rangi na alama kwa mlezi wetu, ambaye sasa ana kahawa na migomba yake Kanyakine. Huyu aliiona kwa karibu. Jioni ile aliporudi kibandani alitusimulia mpaka tukakosa usingizi.

"Ilikuwa nyeusi," akasema.

"Nyeusi kabisa?"

"Nyeusi kama sufuria ya githeri. Na bunduki mbili, huku na huku."

"Mimi niliona kijani."

"Wewe uliona nini? Wewe ulikuwa umejikunyata ndani kama kuku anayeatamia."

Mkewe akasema kutoka jikoni, "Mimi uliponioa uliniambia ilikuwa nyeupe."

"Hiyo ni nyingine."

"Kwani huko kwenu zilishuka ngapi?"

Nikauliza kuhusu nambari ya mkiani. Akafikiri, akasema nambari ilikuwepo, ndege ya serikali haiwezi kukosa nambari.

"Ilikuwa ngapi?"

"Si nimekwambia ilikuwepo?"

Aliniongezea chai. Nilikuwa nimetoka mbali na brashi zangu mkobani, na nilichopata ni rangi tatu kwa ndege moja.

Mlezi ndiye aliyekumbuka kwamba siku ile watu walipigwa picha. Mwalimu mkuu wetu wa zamani alistaafu akarudi kwao Muthara, na picha ilikuwa ukutani, ndani ya kioo. Niliiona tangu mlangoni. Nilipoisogelea nikaona watu watupu.

Watu wa kijiji chetu, walipoona mpiga picha amefika, walirudi nyumbani kwanza kubadilisha nguo. Huwezi kupigwa picha na nguo za shamba. Wakarudi na makoti ya Jumapili, vitambaa vya kichwani, viatu. Mwenyekiti wa kamati ya shule alileta baiskeli yake na kusimama nayo. Wakajipanga mbele ya helikopta, warefu nyuma, wakaiziba yote. Juu ya vichwa yalionekana mapanga yake ya kuzunguka na kipande cha paa, chenye kitu ambacho kingeweza kuwa kisanduku cha vumbi au kofia ya mtu aliyepanda. Na pale mkiani, mahali pa nambari, palikuwa na mwavuli uliofunguliwa.

"Kulikuwa na mvua?" nikauliza.

"Hapana," mwalimu akasema. "Mwavuli ulikuwa mpya." Akainama karibu na kioo. "Lakini huyu aliyeushika si mama yako?"

Alikuwa mama yangu.

Nilimpigia simu nikiwa bado uani kwa mwalimu. Nikamwuliza kuhusu rangi, nambari na alama ya mlangoni.

"Mimi niliipa mgongo," akasema. "Tulikuwa tunapigwa picha."

"Lakini ulitembea ukaifikia, mama."

"Nikiangalia wapi nisichafue viatu. Huo mwavuli unaonekana vizuri?"

Nikamwambia unaonekana vizuri sana.

Wiki hiyo rafiki yangu akapiga simu. Nikamwambia kazi imekwama kwenye alama. "Rika," akasema, "hili jicho halina breki."

Kwenye kazi yangu mtu akitaka simba, namchorea simba, hata kama anafanana na mbwa, na silali njaa. Hii ningeweza kuibandika nambari yoyote. Nani angejua? Nilishika brashi mara nyingi nikaiweka chini. Mwishowe nilipaka upande mmoja tu, ule uliotazama kibanda, kijani kilichopauka kama nilivyokikumbuka, na matope kwenye gurudumu. Upande wa pili nikauacha plastiki tupu. Kisanduku cha vumbi sikukigundisha. Nikaenda Embu nikiwa na hasira na kijiji kizima.

Alikwenda nayo mlangoni penye mwanga, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa jicho la kulia.

"Huu ndio upande wenyewe," akasema. "Mlango ulikuwa hapa. Na wewe ulikuwa unanikanyaga."

"Ni wewe uliyekuwa unanisukuma."

Akaigeuza, akapitisha kidole upande usio na rangi.

"Na huku?"

"Huku sikupata mtu wa kunieleza. Wote walikuwa wanapigwa picha."

"Huku tuliona?"

"Hatukuona."

"Sasa ulitaka kupaka nini?"

"Ulisema unataka kuiona yote."

"Nilisema," akajibu, na sauti yake ikashuka. Hakusema imemtosha, nami sikumwuliza. Aliipandisha kwenye rafu juu ya cherehani, upande mtupu ukitazama ukuta, kisha akarudi kitini na kuninyooshea sindano.

"Nitilie uzi hapa."

Nikamtilia. Stika bado ninazo mkobani, na kila nikipita Ruiri nauliza tena.