Kidonda Kilipona, Ndoa Ikafa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake haijaniisha mpaka leo. Keti kwanza. Kesho unakwenda hospitali kutibiwa kidonda cha mlango wa kizazi, na sitaki uende kimyakimya kama alivyokwenda dada yangu Georgette.

Ulikuwa wakati jimbo letu la Katanga limejitenga kuwa nchi yake. Tulikaa mjini, mtaa wa Kamalondo, nyumbani kwa mume wake Donat, fundi wa reli. Wazazi wetu walikuwa kaskazini, na vita vilikuwa vimekata njia. Daktari alimkuta Georgette na kidonda kama hicho chako, ambacho hakikuwa kansa bado, ila kikiachwa kingeweza kuwa kansa. Akakichoma kwa waya wa umeme, dakika chache tu, bila kisu. Kisha nikaitwa ndani nisikie masharti: majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, asiogope, na asilale na mume mpaka apone kabisa.

Donat alikuwa safarini. Aliporudi, Georgette akamweleza, naye hakumwamini! Mji ulijaa askari, na mume mwenye wivu hakosi wa kumshuku. Akaita wazee wa ukoo wake, akamshtaki kwamba ugonjwa ule ameupata kwa mwanamume mwingine.

Sasa, kwetu mke hajitetei mbele ya wakwe; ndugu yake ndiye anayemsemea. Ndugu mwenyewe alikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na saba, na kutaja sehemu za mwanamke mbele ya baba mkwe kulihesabiwa aibu kubwa kuliko kuiba.

"We mutoto," mzee, baba yake Donat, akaniuliza, "ulienda naye ku hospitali. Balimufanya nini kule?"

Georgette alinitazama, ameshika ncha ya kikwembe alichojifunga kwa mikono miwili.

"Siyue, tata," nikasema.

Eti sijui! Nilijua kila kitu. Wakamfukuza siku ileile, na watoto wake wawili wakabaki kwa baba yao.

Mama Veronika, mkunga wa mtaa wetu, alipopata habari alinifuata mpaka jikoni.

"Kama balimuchoma kidonda ya ku mukono, ungesema?"

"Ningesema, mama."

"Basi haya iko wapi? Batoto bote ba huu mutaa banapita pale! Na ule muzee naye alipita pale!"

Akanivuta mpaka kwa wale wakwe, nikasema yote huku nalia. Mzee akajibu kwamba neno limekwisha kukatwa, harudii. Eti harudii! Watu wazima wenye mvi, waliona afadhali kuvunja nyumba kuliko kukiri kwamba wamekosea.

Georgette alipona, akazeeka, kansa haikumgusa kamwe. Lakini watoto wake walikua wakimwita mwanamke mwingine mama. Wakikutana naye sokoni, walimpa mkono kama mgeni. Mimi ndiye niliyemfanyia hivyo, mimi pamoja na wale wazee wa haya nyingi.

Kwa hiyo nisikilize. Siku hizi wanagandisha kwa baridi au wanachoma kwa joto, na bado ni dakika chache. Nenda na mume wako, asikie masharti kwa masikio yake. Tarehe ya kurudi kuangaliwa, rudi hata kama huumwi popote. Ndugu zake wakiuliza, taja mahali penyewe kwa jina lake. Ukishindwa, niite, nitalitaja mimi, hata mbele ya padri.

Mungu akuponye mwili, akuachie na nyumba yako nzima. Watoto wako wakuite mama mpaka siku ya kukuzika.