Chupa Zisizorudi kwa Naliaka

Soko la Giakanja limejaa, lakini mbele ya meza ya Gaudencia Naliaka hapasimami mtu. Wateja wake hupitia nyuma, kwenye magunia ya viazi, leso imevutwa hadi kwenye nyusi. Wananong'ona, wanapewa chupa ya mizizi iliyochemshwa, wanatoweka.

Naliaka, mjane wa miaka 58 kutoka Bungoma, anauza dawa ya uzazi. Siku njema anapata shilingi mia sita.

"Kila mtu namwambia: ukishika mimba, rudisha chupa na maziwa. Ukikosa, rudisha tupu," anasema. "Hawarudi. Aliyepata anaona haya, aliyekosa ameenda kwa mwingine. Sasa nitajuaje kama inafanya kazi?"

Jirani yake, Wacera, muuza vitunguu, amesikia. "Ati daktari wa uzazi na hana mtoto! Mama, si ukunywe hiyo dawa wewe mwenyewe?"

"Nilikunywa miaka tisa."

Wacera anarudi kwa vitunguu vyake.

Mizizi hiyo alionyeshwa na mama mkwe. Mumewe, askari polisi, alifariki bila kupimwa uzazi hata mara moja. Lawama zote alibeba mke.

Dishon Kasyoki, muuguzi wa zahanati moja huko Tetu, hapambi maneno. Mizizi hiyo haijachunguzwa vya kutosha, anasema, na wanandoa wengi hupata mimba ndani ya mwaka mmoja bila dawa yoyote. "Pengine shida iko kwa mwanamume. Pengine mirija imeziba, na mizizi haizibui mirija."

Naliaka aliambiwa hayo zamani. Hakubisha, ila alitaka chupa zimjibu.

Mwezi uliopita moja ilirudi. Nyawira, mwalimu wa chekechea, alikuja kwa mbele, mchana, soko zima likitazama. Akaiweka mezani, tupu, imeoshwa.

"Haikufanya kazi, mama."

"Keti," Naliaka akamwambia, akammiminia chai.

Tangu hapo hamuuzii mwanamke ambaye hajapimwa pamoja na mumewe. Wateja wamepungua, na meza imezidi kuwa kimya. Anafikiria kuweka mboga badala ya mizizi.

Lakini kwanza kuna Jumatatu. Nyawira anakwenda zahanati, na mumewe amekubali kumfuata.

"Nitaenda na wao," Naliaka anasema, akiifuta ile chupa. "Mume akibadilisha nia njiani, msichana asikae kwa benchi peke yake. Mimi nilikaa."