Mjumbe Aliyenyamaza

Kila Ijumaa mama yangu hulipiga pasi joho lisilo na mvaaji. Ni joho la baba yake, jeusi, uzi wake wa dhahabu umeanza kufifia. Lilitoka Unguja ndani ya sanduku, na leo linaning'inia nyuma ya mlango wetu hapa Ilford, London. Mvuke ukipanda chumba hunukia udi wa zamani, nami hupotea kidogo. Humwona babu, niliyemjua kwa picha tu, akipanda ngazi za Baraza la Kutunga Sheria, lile la wakati wa Mngereza, polepole, bila ya kufika juu.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa, humjibu bibi yake kwa Kiingereza. Mimi sina subira. Humkatiza kila siku: "Sema Kiswahili ama nyamaza." Hunyamaza.

Watu wa kwetu hawasahau. Harusini Tottenham, mama mmoja mtu mzima aliniambia tukila sinia moja ya biriani, "Babu yako walimteua akae tu. Bubu wa Baraza." Nilicheka kwa adabu, na iliniuma. Mama akisikia hayo hujibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mwaka huu, alipotoka hospitali, aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nenda kanitazamie. Nataka kujua kabla sijafa kama baba alisema japo neno moja."

Waliotutawala waliondoka na makaratasi yao, na makaratasi yako huku huku London, katika jumba la nyaraka upande wa pili wa jiji. Mlangoni walinizuilia kalamu ya wino, wakaniachia penseli. Nikasoma kumbukumbu za vikao vya Baraza siku tatu. Jina la babu lilikuwemo kila kikao miongoni mwa waliohudhuria. Wengine walisema juu ya karafuu, mifereji, ushuru wa gati. Yeye hamna. Nje mabata yalielea kwenye kidimbwi, macho yakanilegea, nikamwona ameketi na joho lake, mikono magotini, maneno ya watu yakimpita juu ya kichwa.

Babu hakujua Kiingereza. Aliteuliwa kwa heshima ya ukoo, na mule ndani hakukuwa na lugha nyingine. Sote nyumbani tulijua hivyo, na hakuna aliyekaa akalifikiria.

Siku ya tatu nikaukuta mstari mmoja, chini ya jina lake. Mjumbe aliomba ruhusa aseme kwa Kiswahili. Ruhusa haikutolewa. Kisha wakarudi kwenye mifereji.

Nililia palepale, nikauandika kwa penseli.

Nilipomsomea mama, ilikuwa Ijumaa, na pasi ilikuwa mkononi. Akaiweka. "Basi alinyanyuka," akasema. "Alhamdulillahi, alinyanyuka."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akauliza, kwa Kiingereza, babu alitaka kusema nini siku ile. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa mazoea. Mama akaninyoshea mkono.

"Mwache aseme," akasema. "Nyumbani kwa baba yangu hapaombwi ruhusa."

Nikaona haya kama sijapata kuona. Mama akamgeukia mjukuu wake, akamjibu kwa Kiswahili kwamba hajui, labda maji, mtaa wao ulikuwa na shida ya maji. Wakaendelea hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, mpaka pasi ikapoa.