Paa la Rangi ya Damu ya Mzee

Nilimhesabu Verlon Stubblefield kuwa mkaidi, na huenda nilifurahia kumhesabu hivyo. Nilikuwa mshauri wa ushirika wa umeme katika mji wetu mdogo wa Texas magharibi, na nilizoea kuzipima akili za watu kwa wepesi wao wa kunikubali.

Duka lake la zana na chakula cha mifugo liliezekwa bati la rangi ya damu ya mzee, rangi ya timu ya shule yetu. Kufikia alasiri bati lile liligeuka kikaango. Kiyoyozi kilinguruma bila kupumzika, na hewa ndani ikabaki nzito. Dada yake, Oleta, aliyekaa kwenye kaunta tangu ujana wake, alikuwa na moyo dhaifu. Daktari alikwisha kumwonya: joto lisipopungua, aache kazi. Nje ya kaunta ile Oleta hakuwa na maisha mengine.

"Paka rangi nyeupe inayorudisha jua," nilimwambia Verlon. "Kiyoyozi nacho kitapumua."

"Nyeupe ni ya Dunmeyer, bwana umeme." Hao ndio mahasimu wetu wa mechi za Ijumaa, shule ya mji jirani. "Unataka niivalishe nyumba yangu jezi ya adui?"

"Afadhali msaliti mzima kuliko shabiki maiti."

Oleta alicheka, akajifuta jasho.

Nilirudi mara nyingi, kila mara nikiwa nimechoka zaidi. Jibu halikubadilika. Mwezi wa Agosti Oleta akaanguka katikati ya magunia. Alipokuwa hospitalini, Verlon alipanda juu na kulipaka paa lote nyeupe kwa mikono yake.

"Verlon! Umehamia Dunmeyer lini?" mtu alimpigia kelele kutoka kwenye gari.

"Asubuhi hii. Niletee godoro, nilale huko huko!"

Oleta aliporudi alilitazama paa kwa muda mrefu. "Ole wako, Verlon," alisema, kisha akaingia na kuketi mahali pake. Jua lilikuwa utosini. Kiyoyozi kikajizima chenyewe, na kwa mara ya kwanza nikasikia saa ya ukutani.

Msimu wa mechi ulipokwisha, Oleta alinieleza kwamba kaka yake hajawahi kutazama mechi hata moja hadi mwisho. Rangi ile aliichagua yeye Oleta, na ni yeye aliyemwapisha asiibadilishe.