Livu ya Baba

Juzi nilishuka Emali, nikasikia mpagazi akimwambia mwenzake kwamba wiki ijayo anaenda livu. Ndugu yangu, niliweka mzigo chini. Nimehama miji mingi, na neno hilo bado hunikuta.

Nilikulia karibu na Matiliku, miaka ile ya thelathini. Baba alifanya kazi ya reli Mombasa. Shule ilipofungwa Desemba, mama alisiriba nyumba kwa udongo mpya, akatwanga muthokoi mpaka maganda ya mahindi yakatujaa nyweleni, na kibuyu cha samli hakikufunguliwa. "Hicho cha baba yenu," alisema. "Atakayekigusa atalala na mbuzi." Nilishinda barabarani nikimngoja. Hakuja. Susu, ndivyo tulivyomwita bibi, alinieleza kwamba Wazungu wamemnyima holidei. Tuliila ile samli imeshaanza kunuka, nami nikiwachukia Wazungu kwa moyo wote.

Mwaka uliofuata, mwalimu wa misheni alitufundisha maneno ya Kiingereza ya mapumziko. Nikanyoosha mkono, nikasema baba yangu hunyimwa holidei.

"Umechanganya," alisema. "Holidei ni ya wote. Krismasi ikifika, tunafunga shule. Mtu wa reli siku hiyo yuko kazini, maana treni hazilali. Yeye ana livu. Hiyo ni yake peke yake, anaiomba, anapewa, na tikiti ya bure juu yake."

"Kila mwaka, mwalimu?"

"Kila mwaka. Kwani baba yako huipeleka wapi?"

Darasa likacheka.

Jioni niliwakuta mama na Susu wakipepeta mbaazi. Nikawaeleza tofauti, kama nilivyofundishwa. Mama hakuinua uso. Susu ndiye aliyejibu.

"Huipeleka Voi. Ana mke huko, na watoto."

"Mlijua?"

"Tulijua, mjukuu wangu. Lakini ulikuwa unafurahi sana kungoja."

Desemba ile mama alisiriba nyumba tena, akatwanga tena. Mimi sikutoka uani.

Sasa nyumba ile imebomoka, na mama na Susu wote wamekufa. Baba sikumjua, kwa hiyo hasira yangu kwake iliisha mapema. Lakini wale walionipakulia chakula kila siku, kisha wakanitazama nikienda barabarani kungoja mtu asiyekuja, nawapenda mpaka leo, na bado sijawasamehe.